Taa ya O/D OFF na Lita Sita za Njia ya Iringa

Kwa miezi minane ya mwanzo tangu ninunue Toyota IST, taa ndogo ya rangi ya chungwa yenye maandishi O/D OFF iliwaka kwenye dashibodi kila nilipoendesha, nami nikaizoea kama mtu anavyoizoea saa ya ukutani. Aliyeniuzia hakunieleza habari yake, wala mimi sikuuliza, kwa kuwa gari lilikwenda vizuri, halikutetemeka, halikutoa moshi, na fundi aliyelikagua alisema injini ni nzima. Malalamiko yangu yalikuwa moja tu: gari lilikula mafuta kuliko IST za wenzangu. Nilibadilisha plagi, nikabadilisha chujio la hewa, nikasafisha nozeli zinazonyunyizia mafuta kwenye injini, na hali ikabaki vilevile.

Jibu lilipatikana tukiwa tumepita Chalinze kidogo, tukielekea Iringa. Binamu yangu, ambaye ameendesha malori kwa miaka mingi, alikuwa amekaa kiti cha abiria, na baada ya kusikiliza injini kwa muda akaniuliza, "Kaka, mbona umelifungia gari gia ya nne?" Nilimjibu kwamba gari ni la otomatiki na halina gia ya kuchagua. Hakubishana nami. Aliniomba nibonyeze kitufe kidogo kilicho ubavuni mwa mpini wa gia. Nilipokibonyeza taa ilizimika, zikapita sekunde mbili hivi, kisha injini ikashusha sauti kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mwendo ulibaki kilomita 80 kwa saa, lakini mshale wa mizunguko ya injini ulishuka kutoka karibu 3,000 kwa dakika hadi karibu 2,100. Kwa miezi minane nilikuwa nikiendesha gari la gia nne kwa gia tatu.

Tangu siku hiyo nimelifuatilia jambo hili kwa bidii, kwa sababu niligundua kwamba watu wengi tunaojadili ulaji wa mafuta hutaja ukubwa wa injini, uzito wa gari na mguu wa dereva, lakini gia hatuitaji. Kumbe gia ndiyo inayoamua injini izunguke mara ngapi ili gari lisogee umbali uleule, na uamuzi huo una bei yake kwenye pampu ya kituo cha mafuta.

Naomba tuanze na hesabu nyepesi. Giaboksi ya otomatiki ya gia nne inayotumika kwenye IST ina gia ya tatu yenye uwiano wa 1.000, yaani injini na shafti ya kutokea giaboksi huzunguka sawasawa, na gia ya nne yenye uwiano wa 0.700, yaani injini huzunguka mara 7 wakati shafti hiyo inazunguka mara 10. Gia hiyo ya nne ndiyo ovadraivu, na kitufe cha O/D kikizimwa kompyuta ya giaboksi hairuhusu gari kuifikia. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kilomita moja humalizika kwa dakika 0.75. Katika gia ya tatu injini yangu ilizunguka mara 2,250 kwa kila kilomita, na katika gia ya nne mara 1,575. Gari, barabara na mwendo vilikuwa vilevile, lakini injini ilifanya mizunguko 675 ya ziada kila kilomita bila kunifikisha mapema hata kwa sekunde moja.

Mtu anaweza kuuliza, kwa nini mizunguko ya ziada ile mafuta ikiwa kazi ya kusukuma gari haijaongezeka? Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe, na nitakaa hapa kwa muda.

Gari dogo la aina ya IST, likienda kilomita 80 kwa saa kwenye barabara tambarare, linahitaji takriban kilowati 8 tu kushinda upepo na msuguano wa matairi. Injini yake ya lita 1.5 ina uwezo wa takriban kilowati 80 ikikamuliwa hadi mwisho. Kwa maneno mengine, barabarani tunatumia kama sehemu moja ya kumi ya uwezo wa injini. Injini ya petroli hupunguza nguvu yake kwa kufunga mlango wa hewa, ule unaounganishwa na pedali ya mafuta, na mlango huo ukiwa umefungwa karibu wote, kila pistoni inayoshuka hulazimika kuvuta hewa kupitia mwanya mwembamba. Anayekunywa dafu kwa mrija uliobanwa anaijua shida hiyo: misuli ya mashavu inachoka, na maji yanayofika mdomoni ni machache. Nguvu inayotumika kuvuta hewa namna hiyo hutoka kwenye mafuta uliyonunua, na haifiki kwenye tairi hata kidogo.

Ukiongeza juu yake msuguano wa pete za pistoni, wa kamshafti, wa beringi na wa pampu ya oili, ambao wote hulipwa katika kila mzunguko, utaona kwamba injini ina gharama zake za kuishi hata kabla haijasukuma gari. Mizunguko ikipungua, gharama hizo hupungua. Na kwa kuwa kilowati 8 bado zinahitajika, injini inayozunguka polepole hulazimika kutoa nguvu kubwa zaidi katika kila mzunguko, kwa hiyo mlango wa hewa hufunguka zaidi na pistoni huvuta hewa kwa urahisi. Faida inakuja pande zote mbili. Injini ya petroli ya kawaida ikifanya kazi katika hali yake nzuri hutumia takriban gramu 250 za mafuta kuzalisha kilowati moja kwa muda wa saa moja. Ikizungushwa haraka huku imebebeshwa mzigo mdogo, hutumia gramu 400 au zaidi kwa kazi ileile. Injini ile haijaharibika, wala hakuna cha fundi kurekebisha, kwa sababu tatizo ni kwamba imewekwa mahali pasipoifaa, na anayeiweka hapo ni gia.

Ninaweka risiti zote za mafuta kwenye daftari, tabia niliyoianza kwa sababu bei hubadilika EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji nchini Tanzania, inapotangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na daftari hilo ndilo lililonisaidia kupima. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takriban kilomita 500. Nikiwa na O/D imezimwa nilikuwa nimefanya safari mbili za kupanda, nikijaza tangi kabla ya kuondoka alfajiri na kulijaza tena nilipofika, na zote zilitumia karibu lita 40, sawa na kilomita 12.5 kwa lita. Baada ya kukifahamu kitufe, nimefanya safari tatu za kupanda kwa muda ule wa alfajiri na kwa mwendo uleule niliouzoea, na zilizunguka kwenye lita 34, sawa na kilomita 14.7 kwa lita, zisipishane kwa zaidi ya lita moja. Sidai kwamba kipimo changu ni cha maabara, kwa sababu abiria hubadilika na upepo hubadilika, lakini tofauti ya lita sita ni kubwa mno kuisingizia upepo.

Nimesisitiza safari za kupanda kwa sababu kulinganisha safari ya kwenda na ya kurudi ni kosa ambalo hata mimi nililifanya mwanzoni. Iringa mjini ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kunyanyua gari lenye watu na mizigo, jumla ya kilo 1,200, hadi kimo hicho kunahitaji megajuli zipatazo 18. Lita moja ya petroli ina megajuli kama 32, lakini injini hugeuza karibu robo tu kuwa kazi, kwa hiyo kile kimo peke yake hula takriban lita mbili na ushee. Anayepima mafuta akishuka kwenda Dar es Salaam na kujisifu kwamba gari lake halili mafuta, anausifu mlima.

Kuhusu gari la manyuali, kanuni ni ileile, ila mamlaka yamo mkononi mwa dereva. Nilifundishwa kuendesha na mjomba, kwenye pikapu ya zamani, na fundisho lake kuu lilikuwa kukanyaga mafuta taratibu. Fundisho hilo lina nusu ya ukweli. Dereva anayekanyaga taratibu lakini akang'ang'ania gia ya pili hadi mwendo wa kilomita 50, kisha ya tatu hadi 80, anatumia mafuta mengi kuliko yule anayekanyaga kwa uthabiti, pedali ikishuka hadi nusu au zaidi kidogo, akabadilisha gia mapema mshale unapofika kati ya 2,000 na 2,500, na akaifikia gia ya tano haraka. Huyu wa pili anaifanyisha injini kazi ikiwa imefunguka na inavuta hewa vizuri, kisha anaipumzisha kwenye gia ndefu, yaani ya juu. Kinachopoteza mafuta wakati wa kuongeza mwendo ni kukaa muda mrefu katika gia fupi, yaani ya chini, na zaidi ya hapo ni kuongeza mwendo kwa pupa ili ukafunge breki mbele kwenye tuta.

Wenzetu wa Ulaya waliliona jambo hili kuwa zito kiasi cha kulitungia sheria. Kuanzia Novemba 2012 aina mpya za magari madogo yenye gia za mkono, na kuanzia Novemba 2014 magari yote mapya ya namna hiyo, yalitakiwa kuwa na alama kwenye dashibodi inayomwambia dereva wakati wa kubadilisha gia. Ukinunua gari la manyuali lililotengenezwa kwa soko la huko, ule mshale mdogo unaoelekea juu unastahili kusikilizwa.

Hata hivyo gia ndefu ina mpaka wake. Injini ikishushwa chini ya mizunguko 1,200 au 1,300 huku dereva amekanyaga pedali hadi chini, gari hutetemeka, injini huweza kutoa mlio wa kugonga, na kompyuta, ikiona pedali imekanyagwa yote, huongeza mafuta kuliko kipimo cha kawaida ili kuilinda injini na kuipa nguvu. Hapo akiba yote imepotea, na mashine inaumia. Kipimo changu ni cha masikio na kiti: ikiwa ninaweza kuongeza mwendo kidogo katika gia niliyopo bila gari kulalamika, gia hiyo inafaa, ikiwa pedali inashuka na gari halijibu, ninarudi gia moja chini bila kuona kwamba nimeshindwa.

Ndiyo maana sitaki msomaji aone kitufe cha O/D kuwa adui. Barabara ya Iringa ikishapita Ruaha Mbuyuni na ile mibuyu ya bondeni, huingia Kitonga, na mlima ule hauhitaji gia ya nne. Ukiiacha ovadraivu ikiwa wazi unapopanda, giaboksi hubahatisha, inaingiza gia ndefu, inaona injini inazidiwa, inarudi gia fupi, inajaribu tena, na kila inapobadilisha hutengeneza joto kwenye oili ya giaboksi. Kuifunga ovadraivu mlimani ni sahihi. Kosa langu lilikuwa kuiacha imefungwa miezi minane kwenye tambarare.

Kwenye otomatiki kuna jambo jingine ambalo dereva anaweza kulisikia kwa mguu. Nguvu ya injini hupita kwenye toki konveta, chombo kilichojaa oili ambacho upande mmoja huzungusha upande wa pili kwa msukumo wa oili hiyo, na pande hizo mbili hazizunguki sawasawa. Tofauti yao hupotea kama joto. Katika mwendo wa kutulia kuna klachi ndani yake inayozifunga pande zote mbili pamoja, na upotevu huo hukoma. Ukiwa kwenye kilomita 60 au 70 kwa saa, achilia pedali kidogo kisha uirudishe polepole, utaona mshale ukishuka kwa mizunguko mia mbili au tatu. Dereva anayekanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, huizuia klachi hiyo kukaa mahali pake. Magari yenye giaboksi za CVT, yale yanayotumia mkanda na puli badala ya meno, huenda mbali zaidi, kwa sababu hayana hatua za gia na yanaweza kuiweka injini kwenye mizunguko midogo kadiri mzigo unavyoruhusu. Nayo yana sharti lao: oili yake ni ya CVT, si ile ya otomatiki ya kawaida, na ninamsihi kila mwenye gari hilo ahakikishe kwa macho yake ni kopo gani linalofunguliwa gereji.

Idadi ya gia nayo imeongezeka kwa sababu hizi hizi. Ford Model T ya mwaka 1908 ilikuwa na gia mbili za kwenda mbele, na zipo pikapu za Ford zilizotoka zikiwa na gia kumi kuanzia toleo la 2017. Lakini wingi wa gia peke yake si hoja. Kinachotakiwa ni umbali kati ya gia fupi kabisa na gia ndefu kabisa. Katika giaboksi ya IST, gia ya kwanza yenye 2.847 ikigawanywa kwa 0.700 ya gia ya nne unapata kama 4. Giaboksi ya gia nane ya ZF, iliyoanza kufungwa kwenye magari mwaka 2009, hufikia kama 7. Umbali huo mkubwa huruhusu gari lipande mlima kwa nguvu na bado lisafiri tambarare injini ikiwa imetulia, huku gia za katikati zikiwa karibu karibu ili injini isirushwe mbali na mahali pake pazuri.

Kwa wanaofunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, nitasema kwa ufupi kwamba tairi ni sehemu ya gia pia. Tairi kubwa kwa asilimia 5 hurefusha gia zote kwa kiasi hicho, na pia hudanganya kipimo cha kilomita, kwa hiyo gari linaloonekana limeanza kula mafuta huenda limetembea umbali mkubwa kuliko ulioandikwa na kipimo. Na foleni za mjini sina la kusema sana, maana gari lililosimama Ubungo halina gia ya kulisaidia.

Lakini kuhusu kuweka nyutro kwenye mteremko nina mengi ya kusema, kwa sababu ni desturi ambayo nimeikuta kwa madereva ninaowaheshimu, akiwemo mjomba wangu. Yeye alifunzwa kwenye magari ya kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya mafuta na hewa, na kabureta haijui kwamba gari linashuka. Ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia, injini huzungushwa kwa nguvu na tairi na kuendelea kunyonya mafuta kidogo kidogo kupitia tundu la sailensa, yaani la mzunguko wa injini isipokanyagwa mafuta. Kuweka nyutro kulikuwa na mantiki ya kiuchumi kwa gari la namna hiyo. Magari ya nozeli yamebadilisha hesabu. Ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia na mizunguko ikiwa juu ya sailensa, kompyuta hufunga nozeli kabisa, na injini huzungushwa na mteremko bila kutumia hata tone moja. Ukiweka nyutro, unaitenga injini na tairi, nayo hulazimika kujilisha ili isizimike, na injini ya 1.5 katika sailensa hula kati ya nusu lita na lita moja kwa saa.

Nitakuwa mkweli katika jambo hili. Kwenye mteremko mdogo sana, ambapo gari likiwa kwenye gia lingepunguza mwendo hata ulazimike kukanyaga tena, nyutro huliacha lisererike mbali zaidi na huenda ikaokoa mafuta kidogo. Akiba hiyo ni ya matone, na inanunuliwa kwa kuiacha breki ya injini, ambayo ndiyo breki pekee isiyopata moto. Kwenye mteremko mkali hakuna hata hayo matone: utalazimika kukanyaga breki kwa miguu, breki zitapata moto, na huku injini inakula. Katika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret nchini Kenya, eneo la Salgaa limepoteza watu wengi, na malori yanayoteremshwa kwa nyutro yametajwa mara kwa mara miongoni mwa sababu.

Mwezi uliopita nilirudi Dar es Salaam na mjomba akiwa pembeni yangu. Tulipofika kichwani mwa Kitonga nilibonyeza O/D, taa ya chungwa ikawaka, kisha nikaurudisha mpini hadi namba 2 na kuondoa mguu kwenye pedali ya mafuta. Mshale ulisimama karibu na 2,800, injini ikawa inanguruma kwa sauti ambayo zamani ningedhani ni ya gari linalokunywa mafuta, nasi tukashuka kona baada ya kona nikigusa breki mara chache. Mjomba aliusikiliza mngurumo ule hadi tulipofika chini, akaniuliza kama ni kweli nozeli zimefungwa, nikamjibu kuwa ni kweli. Nikabonyeza kitufe tena, taa ikazimika, nikaurudisha mpini kwenye D, na gari likaingia gia ya nne kuelekea Ruaha Mbuyuni.